Usukani Haulazimishwi: Ushauri kwa Anayefufua Gari Nyumbani

Land Rover yangu 109 ilikaa chini ya mparachichi, uani kwangu hapa Songea, miaka mitatu ikiwa imefumuliwa. Jioni niliyorudisha usukani niliona kazi kubwa imekwisha. Injini ilikuwa inawaka kwa funguo mara moja, breki zinashika, taa zote zinawaka. Nikatoka getini, nikakata kona ya kwanza, kisha nikalegeza viganja ili usukani urudi wenyewe, kama unavyorudi kwenye kila gari zima. Haukurudi. Gari liliendelea kukata kuelekea mtaroni, na ilinibidi niuvute usukani kwa nguvu kuliweka barabarani. Nilikuwa natembea mwendo wa baiskeli, ndiyo maana naweza kuandika habari hii.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Wakati wa kufunga, tundu la klampu ya juu, ile iliyo chini ya dashibodi, halikukutana na tundu la bolti. Pengo lilikuwa dogo, kama unene wa kidole kidogo. Nikaingiza bisibisi, nikapinda, bolti ikapita, nikakaza. Nilijipongeza. Kumbe nilikuwa nimeupinda mti mzima wa usukani, na kila ulipozunguka ulikuwa unajisugua na kujibana.

Fundi mmoja mstaafu, aliyejifunza ufundi katika karakana za Peramiho, alikuja kunitazamia. Hakushika spana. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akauzungusha usukani polepole kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Mwanangu, hapa ulilazimisha," akasema.

"Ndiyo, baba. Tundu halikukutana."

"Tundu lisipokutana lina sababu. Ungeitafuta sababu kwanza."

Haya ninayokuandikia, ndugu msomaji, yote yanatokana na maneno hayo. Sehemu nyingine za gari zinavumilia kulazimishwa. Mlango uliofungwa kwa nguvu utalia tu. Usukani uliofungwa kwa nguvu unanyamaza, halafu unajibu siku ukiwa na familia ndani.

Ijue aina uliyo nayo

Land Rover zilizotapakaa katika misheni, idara za serikali na mashamba ya Ruvuma nyingi ni za toleo la Series III, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, pamoja na matoleo yaliyolitangulia. Bado zinathaminiwa: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover. Kwenye magari haya shafti ya usukani ni chuma kimoja kirefu, kinachoanzia kwenye usukani wenyewe, kinapita ndani ya bomba, na kuishia ndani ya stelingi boksi kikiwa na meno ya mzunguko mithili ya skrubu. Hakuna krosi, yaani kiungo kinachopinda, katikati. Kwa hiyo unapotoa mti wa usukani unatoa na boksi lake, na unapourudisha ni lazima vitu vitatu viwe kwenye mstari mmoja: boksi lililofungwa chini, bomba linalopita kwenye ukuta wa injini, na klampu iliyo chini ya dashibodi.

Jambo la pili unalopaswa kulijua ni la uhai. Shafti hiyo haikunjiki. Marekani ilianza mwaka 1968 kuyataka magari madogo mapya yawe na mti wa usukani unaojikunja gari likigongwa mbele, ili usimchome dereva kifuani. Land Rover ya zamani haina kinga hiyo. Ukiifufua, ifungie mikanda ya viti iliyo imara, na usiichukulie kama gari la kukimbizana na mabasi ya Makambako.

Kagua kabla ya kurudisha

Usipake rangi kwanza. Rangi mpya huficha ufa. Safisha kila kitu kwa dizeli na brashi, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kaa kwenye mwanga wa mchana uangalie.

Anza na unyoofu wa shafti. Shika usukani uuzungushe huku mwenzako anatazama ncha ya juu ya shafti. Ikiwa ncha inachora duara badala ya kutulia mahali pamoja, shafti imepinda. Kisha kagua meno ya juu, yale usukani unapokaa. Yakiwa yamelika, usukani utateleza juu yake siku moja, na hutakuwa na onyo.

Halafu sikiliza boksi. Zungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila haraka. Ndani kuna gololi zinazotembea katika mfereji wa shafti, na mfereji huo hulika zaidi katikati, kwa sababu maisha ya gari mengi hupita likienda moja kwa moja. Ukihisi kama kuna kidonda, mahali mkono unapokwama kidogo na kuachia, gololi au mfereji umechimbika. Hakuna marekebisho ya nje yanayotibu hilo. Lifungue au tafuta boksi jingine.

Tazama sili ya chini, panapotokea mkono wa boksi. Boksi hili hutumia oili nzito ya gia, EP90. Sili ikivuja, watu hushindilia grisi ngumu badala ya kubadilisha sili. Usifanye hivyo. Gololi husukuma grisi pembeni, na grisi ngumu hairudi, kwa hiyo zinabaki zikisagana zikiwa kavu. Sili ni kitu cha bei ndogo.

La mwisho katika ukaguzi, na nakuomba ulishike: usichomelee shafti ya usukani, mkono wa boksi, wala rodi yoyote ya stelingi. Najua huku kwetu mashine ya kuchomelea iko kila mtaa na spea iko mbali. Lakini vyuma hivi vilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea unauondoa. Chuma kilichochomelewa kinaonekana kizima mpaka dakika kinapokatika, na kikikatika huna usukani hata kidogo. Kitu kilichopasuka hapa hubadilishwa. Kama hakipo Songea, agiza Dar es Salaam, mitaa ya spea ya Gerezani na Kariakoo, kije kwa basi. Ni karibu kilomita 950, na kusubiri siku chache hakujamuua mtu.

Nati za inchi, spana za milimita

Gereji zetu zimejaa spana za milimita kwa sababu ya Toyota. Land Rover hizi zilifungwa kwa nati za inchi. Spana 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini itacheza, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiivuta kwa nguvu inalainisha kona za nati. Nati ya 9/16 ni milimita 14.29, hivyo 14 inagoma kuingia na 15 inapwaya. Ya robo tatu ya inchi, milimita 19.05, inakubaliana vizuri na spana 19. Nunua au azima seti ndogo ya inchi: 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4 zitakufikisha mbali.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye bolti zenyewe. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na ukiishika pamoja na ya milimita 8 huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini zile za meno membamba za Land Rover zina mizunguko 24 kwa inchi, yaani kila mzunguko ni kama milimita 1.06, wakati bolti ya kawaida ya milimita 8 ina mzunguko wa milimita 1.25. Ukiichanganya, itaingia kwa mkono mizunguko miwili mitatu, kisha itagoma. Hapo ndipo mtu huchukua spana ndefu na kumalizia. Atahisi imekaza kweli kweli, kumbe ameua meno ya tundu, na bolti imeshikiliwa na uharibifu.

Kanuni yangu ni hii: kila bolti ya stelingi iingie kwa vidole angalau nusu ya urefu wake kabla spana haijaigusa. Ikikataa, itoe, safisha meno, linganisha na nyingine. Bolti zote ulizozitoa ziweke kwenye makopo yenye maandishi tangu siku ya kufumua. Kama hukufanya hivyo, tumia jioni moja kuzipanga upya. Jioni hiyo si ya hasara.

Kufunga: vidole kwanza, spana mwisho

Inua gari kwa uangalifu. Usiliegemeze juu ya tofali za kuchoma wala za saruji. Tofali hubeba vizuri ukutani, lakini chini ya chesisi hupasuka ghafla bila kuonya. Tumia stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa bapa, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe.

Ingiza boksi na mti wake kupitia nafasi ya gurudumu, bawa la mbele likiwa limetolewa. Ni kazi ya watu wawili: mmoja chini akishika boksi, mwingine ndani ya gari akiongoza bomba. Kumbuka mpira wa kuzuia maji na vumbi pale bomba linapopita, maana ukiusahau utalazimika kurudi mwanzo.

Sasa fuata mpangilio huu, na usiuruke.

Kwanza, weka bolti zote za boksi kwa vidole tu. Boksi liweze kusogea kidogo.

Pili, weka klampu ya juu pamoja na kipande chake cha mpira, nayo kwa vidole tu.

Tatu, achia mikono. Acha mti ulale unapotaka kulala. Zungusha shafti mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho ili kila kitu kitafute mahali pake.

Nne, tazama klampu ya juu. Bomba likae katikati yake bila kusukumwa upande wowote. Kama limeegemea upande mmoja, usilivute. Tafuta sababu: rangi nene kwenye kikalio cha boksi, bati la ukuta lililopindwa katika ajali ya zamani, wosha iliyosahaulika, kiungo kilichofungwa kinyume. Kwangu sababu ilikuwa tone la chuma la kuchomelea, dogo kama punje ya mahindi, lililobaki chini ya boksi tangu wakati wa kuziba kutu ukutani. Lilitosha kusogeza ncha ya juu kwa unene wa kidole, kwa sababu urefu wa mti unakuza kila kosa la chini.

Tano, kaza boksi chini kwanza, bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Zungusha shafti tena. Isiwe nzito kuliko ilivyokuwa bolti zikiwa zimelegea. Ndipo ukaze klampu ya juu, halafu uzungushe tena. Ikiwa uzito umeongezeka baada ya kukaza bolti fulani, bolti hiyo imekuonyesha kosa lilipo. Ilegeze utafute.

Tafuta katikati

Kabla ya kuunganisha rodi, zungusha shafti hadi mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Gawanya kwa mbili, rudi hapo, weka alama ya chaki. Hiyo ndiyo katikati ya boksi. Magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, mkono wa boksi na rodi viungane hapo. Usukani wenyewe uvalishwe mwisho, ukitazama sawa.

Watu wengi hufanya kinyume: hunyoosha usukani kwa macho na kuacha boksi likiwa limeegemea upande. Gari litaenda moja kwa moja, ndiyo, lakini upande mmoja boksi litafika mwisho wake kabla magurudumu hayajafika kwenye vizuizi vyake kule kwenye ekseli. Vizuizi vya ekseli ndivyo vinavyopaswa kusimamisha usukani, kamwe si meno ya ndani ya boksi. Hakikisha kwa macho pande zote mbili.

Skrubu ya kupunguza ulegevu iliyo ubavuni mwa boksi irekebishwe likiwa katikati kabisa, kwa sababu hapo ndipo nafasi ya ndani ni ndogo zaidi. Ukiikaza likiwa limegeuzwa, litabana kila linapopita katikati. Kaza mpaka ulegevu uishe, funga loki nati, jaribu tena.

Kwenye boljointi, kichwa cha mchongo na tundu lake vifutwe vikauke, visipakwe grisi. Nati zinazotumia kotapini zipate kotapini mpya. Ya zamani ikinyooshwa mara ya pili, hukatika.

Ukimaliza, pima alaimenti hata kama huna mashine. Chora alama ya chaki nyuma ya kila tairi la mbele, usawa wa ekseli, pima umbali kati ya alama. Sukuma gari mpaka alama zije mbele kwa kimo kilekile, pima tena. Kwa Series III umbali wa mbele uwe mfupi kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Kufuli ya usukani

Series III nyingi zina kufuli inayozuia usukani ukitoa funguo, iliyofungwa kwa bolti ambazo kichwa hukatika makusudi zikikazwa, ili mwizi asizifungue. Usikate vichwa hivyo siku ya kwanza. Kaza kiasi, kisha washa na uzime mara ishirini, zungusha usukani kila mara. Kufuli isijaribu kushika hata kidogo funguo ikiwa imewasha. Kama imechoka na inashika mara moja moja, iondoe kabisa, utafute swichi nyingine ya kuwashia. Ni afadhali gari lilindwe kwa mnyororo uani kuliko lifunge usukani barabarani.

Wewe mwenye Toyota

Toyota nyingi zina krosi kati ya mti wa usukani na boksi, na krosi inabana shafti kwa bolti moja. Kwenye shafti kuna mfereji uliokatwa ambamo bolti hiyo hupita. Shafti isipoingia vya kutosha, bolti inaweza kukaza pembeni ya mfereji, na utadhani imeshika. Siku moja shafti itachomoka. Ingiza tochi uone kwa macho kwamba bolti imepita kwenye mfereji.

Usigonge mti wa Toyota kwa nyundo ili kutoa usukani. Ule hujikunja wakati wa ajali, na pigo linaweza kuvunja pini zake za ndani. Tumia kivutio. Na kama gari lina mfuko wa hewa, toa waya hasi wa betri, usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Waya wa mzunguko ulio chini ya usukani nao urudi katikati yake, la sivyo utakatika kwenye kona ya kwanza kubwa.

Kulijaribu

Jaribio la kwanza lifanyike magurudumu yakiwa hewani. Usukani ukiwa mzito, tenganisha rodi inayotoka kwenye boksi. Ukibaki mzito, kosa liko juu: mti, klampu au boksi. Ukiwa mwepesi, kosa liko chini: boljointi, rilei ya stelingi (kiungo kinachounganisha rodi) iliyokauka oili, au pini za magurudumu zilizokazwa mno. Kipimo hiki kidogo kingeniokolea siku nne.

Jaribio la pili ni uani, mwendo wa mtu anayetembea. Kinachorudisha usukani ni pini za magurudumu, ambazo juu zimelala kidogo kuelekea nyuma, digrii 3 kwa Land Rover hizi. Kata kona, legeza viganja bila kuviondoa. Usukani usiporudi, usitoke getini, hata kama majirani wamekuja kushangilia.

Jaribio la tatu ni barabara tambarare isiyo na watu, asubuhi. Rudi nyumbani, kagua kila bolti. Baada ya kilomita 50, kagua tena, maana rangi na mpira vikishajibana bolti hulegea. Kisha mlete mtu ambaye hakuifanya kazi hiyo, mwalimu wa ufundi magari wa VETA au fundi unayemheshimu, aangalie kwa macho mapya. Na kabla gari halijaanza kubeba watu, lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Kona kali za Lukumburu ziwe za mwisho kabisa katika orodha yako, si za kwanza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami nilifumua, nikakwangua lile tone la chuma, nikaanza upya kwa vidole. Mara ya pili nilipofika kwenye kona ileile nikalegeza viganja, na usukani ukapita taratibu ndani yavyo, ukarudi katikati, ukatulia. Nawe siku hiyo itakapofika kwako, furahi, lakini geuza gari, rudi nyumbani, ingia chini yake na spana, uhakikishe bolti zote bado ziko ulipoziacha.